Saa za Jioni Katika Nyumba za Kitui na Makueni

Msafiri apitaye barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, akisha kuipita Emali na kuelekea Kibwezi na Mtito Andei, huona viondo vimetundikwa kando ya njia, vikubwa kwa vidogo, vyenye mistari ya kahawia na nyeusi na nyekundu. Huuliza bei, hutaka apunguziwe, hununua au huacha, kisha huenda zake. Ni wachache wanaojiuliza kiondo kile kilisukwa saa ngapi, maana katika nyumba nyingi za Ukambani hakuna saa ya kazi iliyotengwa kwa ajili yake. Kilisukwa njiani kwenda kuchota maji katika mchanga wa mto uliokauka. Kilisukwa katika mkutano, mwenyekiti akizungumza. Na sehemu yake kubwa kilisukwa jioni, chungu kikiwa jikoni na watoto wakingoja chakula.

Twataka leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya saa hizo za jioni, na mambo ambayo watu wa Kitui na Makueni huyafanya ndani ya nyumba zao bila ya kuamriwa na mtu. Nchi hizi mbili ni ndugu. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992 ilipopewa wilaya yake, na tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali yake ya kaunti. Zote mbili ni nchi za mvua chache. Mvua za mwezi wa Oktoba hata Desemba ndizo zitegemewazo zaidi, na zile za Machi hata Mei mara nyingi hudanganya. Wakati wa kupanda na kupalilia hakuna mwenye nafasi ya kujiburudisha; lakini mavuno yakisha kuingia ghalani, hufuata miezi mirefu ya ukavu, na hapo ndipo mikono hutafuta la kufanya.

Tuanze na kiondo, maana ndicho mama wa mambo haya yote. Mkonge tunaouona siku hizi kila mpakani mwa shamba si mmea wa asili ya nchi hii. Uliletwa Afrika ya Mashariki kutoka Amerika mwaka 1893, ukapandwa kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kabla yake wanawake wa Kikamba walipata nyuzi katika magome ya miti, hasa mbuyu, ambao ni mwingi katika Kitui ya kusini na pande za Kibwezi. Mbuyu una tabia njema kuliko miti mingi: ukichunwa gome lake kwa kiasi, hulirudisha. Ndiyo sababu mibuyu mingi ya huko ina makovu shinani kama ya mzee aliyepita katika vita vingi, na bado yazaa.

Mkonge hukwanguliwa nyama ya jani mpaka zibaki nyuzi tupu, zikaoshwa na kuanikwa juani. Halafu huja kusokota. Nyuzi mbili huwekwa juu ya paja, zikasukumwa mbele kwa kiganja, kisha zikarudishwa, nazo zikajizungusha pamoja kuwa uzi mmoja. Msichana anayejifunza hulalamika kwamba ngozi inamuuma, na nyanya yake, ambaye kwa Kikamba huitwa susu, humwambia kwamba ngozi itazoea. Kweli huzoea. Lakini kusokota huchukua muda mrefu, pengine kuliko kusuka kwenyewe, na watu wasemao kwamba kiondo ni kazi nyepesi ni wale ambao hawajapata kusokota uzi wa kutosha hata kitako chake.

Kusuka huanzia chini. Nyuzi kadha hupishanishwa katikati kama njia panda, kisha nyuzi mbili za kusukia zikazungushwa, moja ikipita mbele na moja nyuma, zikipishana kila zifikapo penye uzi uliosimama. Kitako kikipanuka, nyuzi za kusimama huongezwa. Upana ukitosha haziongezwi tena, na ukuta huanza kupanda. Hapo ndipo fundi ajulikanapo. Akiongeza nyuzi mno, kitako hujikunja mawimbi. Akiongeza chache, hujikunja kama bakuli, na kiondo hakitasimama mezani. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Vidole ndivyo vijuavyo, na vidole vyafundishwa na vidole vingine.

Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipendwa sana katika nchi za ng'ambo, vikasafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, Marekani na Japani. Baadaye vikatokea vya kuigiza, vilivyotengenezwa kwa mashine katika nchi za Asia ya Mashariki, na bei ikashuka. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na watu wa mijini waliokuwa wamekisahau kiondo wakakikumbuka tena. Lakini hata sasa hesabu ya msukaji ni ngumu. Tuseme mama anasuka saa tatu kila jioni kwa muda wa wiki tatu: hizo ni saa zaidi ya 60, mbali na kukwangua na kusokota. Mnunuzi asimamaye barabarani akidai apunguziwe hadhani kwamba anapunguza mshahara wa mtu, kwa kuwa ameambiwa kwamba mama huyu alikuwa akijipumzisha tu.

Jambo hili la burudani kugeuka biashara si geni Ukambani. Wanaume waliliona zamani. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, alikuwa mchongaji wa vitu vya nyumbani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alipokwenda vitani Tanganyika aliona uchongaji wa wenyeji wa huko, na aliporudi alianza kuchonga sanamu za kuuza. Jirani wakamfuata, wana wakawafuata baba zao, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe. Ufundi huo umelisha na kusomesha watoto wengi. Tena umemaliza miti: mpingo na muhugu ilikatwa mpaka ikawa adimu, na wachongaji wakashauriwa watumie mwarobaini na mwembe, miti ikuayo upesi. Msukaji wa kiondo ana bahati katika jambo hili, kwani mkonge wake hauhitaji miaka mia kukua.

Tukiondoka kwenye kiondo, twaingia jikoni. Wako watu wa miji wanaodhani kwamba kupika kwa ajili ya kupenda kupika ni jambo la wenye majiko ya gesi na vitabu vya mapishi. Na waende Kitui waone mama anavyotengeneza muthokoi. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni mpaka ganda la nje litoke, yakapepetwa katika uteo mpaka yabaki meupe. Ndipo yachemshwe polepole pamoja na kunde, au mbaazi, au maharagwe, kila nyumba na mchanganyiko wake, na kila mpishi akisema kwamba wa jirani haukuiva. Wasomaji wetu wa Tanzania watatambua hapa ndugu ya makande yao. Zipo mashine za kukoboa sokoni siku hizi, na hatuna ugomvi nazo; lakini wazee hudai kwamba ulimi waijua tofauti.

Muthokoi si ladha tu, na hapa twaomba msomaji asikilize vizuri. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka yaliota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Mpaka mwezi wa Julai mwaka ule walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikufa, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa wa Makueni na Kitui. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haifi kwa kuchemshwa chunguni. Wataalamu waliopima mahindi kabla na baada ya kukobolewa waliona kwamba ukoboaji wa muthokoi huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo pamoja na ganda, ingawa hauiondoi yote, na kwa hiyo mahindi yaliyooza hayawi chakula kwa sababu yametwangwa.

Basi yule mama ambaye jioni hukaa akichambua punje moja moja, akitupa zilizobadilika rangi, na jirani zake wakimcheka kwamba ana mchezo wa kitoto, hachezi. Wala baba apendaye kupanga ghala lake, akiinua magunia juu ya mbao yasiguse ardhi, akiyaacha mbali na ukuta ili hewa ipite, akiyatenga ya zamani na mapya, hapotezi wakati wake. Wako watu ambao kupanga vitu ndiyo furaha yao. Kila nyumba ina mmoja wa namna hiyo, na kwa kawaida husumbuliwa kwa maneno. Katika nchi ya mahindi yafaa aachwe apange. Mahindi yakaushwe kabisa kabla ya kutiwa guniani, yaanikwe juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu. Na mwenye uwezo atumie ile mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu bila dawa.

Chakula kikisha kuliwa, zamani palikuwa na hadithi. Msomi mmoja wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikusanya hadithi na vitendawili vyao na kuvichapisha baadaye katika vitabu. Lakini aliyeifanya kazi hiyo kama mwana wa nyumba ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka 1931. Mwaka 1954, akiwa kijana bado, alitoa kitabu cha Kikamba kiitwacho Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka 1966 kitabu chake cha hadithi za Wakamba kilichapishwa kwa Kiingereza. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa dini na filosofia, akafundisha katika vyuo vya Afrika na Ulaya, na alifariki mwaka 2019. Hata hivyo sehemu ya elimu yake ilianzia katika jioni kama hizi tuzielezazo, mbele ya moto, mtu mzima akisimulia na watoto wakiitikia.

Kusoma, kwa upande wake, kulingoja taa. Kibatari hutoa moshi na kuumiza macho, na mafuta yake yana bei. Kwa hiyo kwa miaka mingi kitabu kilikuwa kitu cha mchana, na mchana ulikuwa wa shamba. Taa za nguvu ya jua zimegeuza mambo haya kuliko watu wanavyokiri. Maktaba za umma nazo zilifunguliwa, moja Mwingi katika Kitui, na nyingine Kinyambu na Kithasyu katika Makueni. Twasikitika tu kwamba mtu mzima aonekanapo na kitabu, bado huulizwa anafanya mtihani gani.

Redio ilikuja na kukubaliwa upesi, kwa sababu redio hutaka masikio tu. Mama aweza kusikiliza Musyi FM au Mbaitu FM kwa lugha yake huku akisokota, akasikia habari za mvua na bei ya ndengu na matangazo ya vifo, na kiondo chake kikaongezeka vidole viwili. Redio na kiondo ni marafiki.

Televisheni si rafiki wa namna hiyo. Ilianza katika Kenya mwaka 1962, lakini kwa muda mrefu vijiji vya Kitui viliisikia kwa jina tu. Sasa, tangu mitambo ya zamani ilipozimwa mwaka 2015 na matangazo ya kidijitali kuchukua mahali pake, na tangu watu walipoanza kununua kidogo kidogo mitambo ya jua inayokuja pamoja na televisheni yake, nyumba nyingi zinayo. Hatutaki kuilaumu. Huleta mpira, huleta habari za dunia, na huwakusanya watoto nyumbani saa ambazo wangekuwa njiani. Ila hudai macho, na mtu akisha kutoa macho yake, mikono hulala.

Hata hivyo wasukaji wenye uzoefu wameipatia hila. Kitako na sehemu zisizo na nakshi vidole vyaweza kuzisuka bila kutazamwa, basi hizo huwekwa kwa ajili ya jioni, televisheni ikisema. Mistari ya rangi, ambayo kosa moja huonekana mpaka kiondo kichakae, hungojea mwanga wa mchana. Mwanafunzi hawezi bado kugawa kazi namna hiyo. Kwake kila uzi wahitaji macho, na ndiyo sababu wasichana wengi huanza kiondo kimoja wakakiacha ukuta ukiwa haujafika nusu.

Kwa wazazi wanaotaka watoto wao wajue kazi hii, wavulana kwa wasichana, likizo ya Agosti ndiyo ifaayo kuliko ile ya Desemba. Mwezi wa Agosti shamba limetulia, jua la kukausha mkonge lipo, na nyanya hana haraka. Mtoto na aanzishiwe kitako na mtu mzima, kipana kama kiganja, apewe nyuzi zilizokwisha kusokotwa, na asuke kiondo kidogo cha kutilia kalamu na daftari. Kusokota atafundishwa likizo ya pili, akisha kukipenda.