Si Kila Maumivu ya Kisogo ni Presha

Fundi cherahani wa Jang'ombe aliyeinamia kazi tangu asubuhi huinua kichwa jioni, na ghafla akapatwa na mchomo mkali kama wa umeme. Huanzia pale shingo inapokutana na fuvu, ukapanda kisogoni hadi utosini, pengine hata nyuma ya jicho. Hudumu sekunde chache, kisha hurejea. Kitana kikigusa nywele huuma. Mto nao huuma. Jirani humwambia, "Hiyo presha," akampa na vidonge vyake mwenyewe.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hatari. Presha aghalabu haiumi. Hujulikana kwa kupimwa tu. Mwenye kuumwa kisogo na apimwe, lakini akiambiwa damu yake ni salama, asidhaniwe kuwa anajisingizia.

Baina ya pingili za juu za shingo hutoka mishipa ya fahamu ambayo hupenya misuli na kutawanyika katika ngozi ya kisogo. Misuli ikikaza, pingili zikilika kwa umri, au shingo ikitikiswa katika ajali ya gari, mishipa hiyo huweza kubanwa na kuuma. Kisukari nacho huweza kuidhuru. Mara nyingi, hata hivyo, sababu haionekani kabisa.

Ugonjwa huu hutambuliwa zaidi kwa masikio na vidole vya daktari. Huuliza: ni upande mmoja au yote miwili? Unachoma au unagonga? Kisha hubonyeza chini ya fuvu, kando kidogo ya katikati ya kisogo. Mgonjwa akiruka kwa mchomo uleule aliousimulia, shaka hupungua. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi mshipa. Kipimo chenye nguvu zaidi ni sindano ya ganzi karibu na mshipa wenyewe: maumivu yakikatika kwa muda, mshipa umejitaja. Hata hivyo kipandauso nacho huweza kutulizwa na sindano hiyo, kwa hiyo maelezo ya mgonjwa hayana badala.

Wapo wanaokimbilia kuumikwa kisogoni kabla ya kumwona daktari. Wasubiri kwanza. Na maumivu yakija na homa na shingo kukakamaa, au yakilipuka kwa ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata mtu, au mkono ukalegea na ulimi ukawa mzito, mgonjwa apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja usiku huohuo.