Elektroni iko wapi hasa? Swali lililopata jibu mwaka 1950

Ukiuuliza mlinganyo wa Dirac elektroni inakwenda kwa kasi gani, unapata jibu la kushangaza: ukiipima upande wowote utakuta kasi ya nuru kamili, ama mbele ama nyuma, hata kama elektroni yenyewe imetulia.

Paul Dirac aliuandika mlinganyo huo mwaka 1928 akiwa Cambridge, hajatimiza miaka 26. Alitaka kupatanisha nadharia mbili zisizoelewana: uhusianifu wa Einstein, unaokataza kitu chochote chenye uzito kuifikia kasi ya nuru, na fizikia ya kwantamu inayotawala atomu. Alifaulu kuliko alivyotarajia. Spini ya elektroni, yaani tabia yake inayofanana na kujizungusha, ambayo wenzake walikuwa wakiipachika kwa nguvu, ilijitokeza yenyewe kwenye hesabu. Ila pale Erwin Schrödinger, mwandishi wa mlinganyo wa kwantamu uliotangulia, alipotosheka na namba moja kwa kila mahali, Dirac alihitaji nne, na pamoja na nishati chanya zikaja nishati hasi. Carl Anderson alipoigundua positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, mwaka 1932, maana ya hizo hasi ikaanza kueleweka.

Fumbo la kasi lilibaki. Schrödinger alikuwa amelichambua mwaka 1930 akakuta kwamba elektroni ya Dirac hutetemeka zaidi ya mara trilioni milioni mia mbili kwa sekunde, katika eneo dogo mno kuliko atomu. Chanzo cha mtetemo ni kwamba katika zile namba nne, sehemu chanya na sehemu hasi zimechanganyika.

Mwaka 1950 Leslie Foldy, aliyekuwa Cleveland nchini Marekani, na Mholanzi Siegfried Wouthuysen walionyesha namna ya kuzitenganisha. Walizungusha mlinganyo. Mpima ardhi akiugeuza mhimili wa ramani mpaka ulingane na mipaka ya kiwanja, kiwanja hakisogei hata inchi, lakini hesabu ya eneo inakuwa nyepesi. Nao walifanya hivyohivyo, isipokuwa walizungusha ndani ya nafasi ya zile namba nne. Pembe inategemea mwendo: elektroni ikienda polepole ni ndogo sana, na kadiri inavyoongeza kasi pembe inakaribia nyuzi 45. Baada ya mzunguko huo namba mbili zinabeba nishati chanya, mbili hasi, na hazigusani tena.

Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Kasi inarudi kuwa ile ya Einstein, chini ya nuru, na mtetemo unatoweka. Kumbe kile ambacho mlinganyo wa mwanzo ulikiita mahali pa elektroni sicho tunachokipima kwenye maabara. Mahali tunapopapima ni wastani, uliotandazwa juu ya eneo lilelile la mtetemo. Hakuna tokeo la jaribio lililobadilika. Kilichobadilika ni uelewa wetu wa swali tulilokuwa tukiuliza. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Elektroni ikiwa ndani ya uga wa umeme, mzunguko mmoja hautoshi. Inabidi kuzungusha hatua kwa hatua, na kila hatua inaongeza sahihisho dogo. Mojawapo lina jina la Charles Galton Darwin, mjukuu wa Darwin wa mageuko ya viumbe.

Kwa atomu nzito mfululizo huo wa masahihisho unaharibika. Elektroni za ndani kabisa za dhahabu zinakwenda kwa takriban asilimia 58 ya kasi ya nuru, na masahihisho hayawi madogo tena. Marvin Douglas na Norman Kroll walitoa njia nyingine mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 Mjerumani Bernd Hess akaigeuza kuwa chombo cha kompyuta za wanakemia. Athari ya uhusianifu huonekana hata kwa macho: dhahabu ni ya njano kwa sababu uhusianifu unaipunguzia nishati inayohitajika kumeza nuru ya buluu. Bila huo, ingekuwa nyeupe kama fedha.

Hata betri ya gari imo humu. Mwaka 2011 wanasayansi wa Uswidi na Finland walikokotoa kwamba, kati ya volti 2.1 hivi za kila seli ya betri ya risasi na asidi, 1.7 hadi 1.8 zinatokana na uhusianifu. Risasi ina elektroni 82, na zile za ndani zinakimbia zaidi kuliko za dhahabu.