Tuanze Istanbul au Kilwa? Miji ya kale na likizo ya ng'ambo

Zamani kuvuka mipaka kwa matembezi kulikuwa ni kwa matajiri. Wengine wetu tulivuka kwa hija, kwa ubaharia au kwa kutafuta riziki. Siku hizi hata mtu wa kipato cha kadiri, akijibana na kuweka akiba, aweza kuwatoa watoto wake wakaone nchi nyingine. Hilo ni jambo jema. Ila akiba ikiisha kutimia huja swali linaloumiza kichwa kuliko nauli yenyewe: twende wapi? Nawazungumzia wapendao miji ya kale iliyo kando ya bahari. Wale wa kwenda Dubai kununua simu njia yao waijua, hawahitaji shauri langu.

Hapa Makongeni, Thika, watu wenye asili ya pwani tupo, tena si haba. Tumeletwa na viwanda, ualimu na biashara ndogondogo, na wengine wamezaa na kulea papa hapa kando ya barabara ya Garissa. Jina lenyewe la mtaa ni Kiswahili kitupu, mahali pa makonge. Na mkonge huo, kwa taarifa ya msomaji, uliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa pwani, huko Tanga, mwaka 1893. Basi si wageni sana, ijapokuwa bahari iko mbali.

Mwaka huu tumechanga familia nne kwa ajili ya likizo ya shule ya Agosti. Safari ni moja, na fedha zikiisha zimekwisha. Kila baada ya sala ya Isha mjadala ni huo. Vijana wataka Istanbul. Mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Lamu, hasikii la mtu, kwake ni Muscat tu. Akina mama wamesema Unguja, pana karibu na pana soko. Mimi niliposema Kilwa walicheka, na mwanangu wa miaka 13 akaniuliza mbele ya watu: "Baba, Kilwa kuna nini? Historia ya Waislamu si iko Uturuki?"

Sikumlaumu. Kazaliwa Thika, Mombasa huiona mara moja kwa mwaka kama mgeni, na jioni akifungua runinga aona tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, zina farasi, panga na masultani. Angejuaje kwamba pwani yake nayo ilikuwa na masultani? Kwangu mimi swali hilo ndilo lililoamua safari.

Nikamwambia habari za Ibn Battuta. Mtu huyu wa Tangier, Maghribi, aliitembea dunia ya Kiislamu karibu yote iliyojulikana wakati wake, na mwaka 1331 alishuka pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu (sisi wa Mombasa tusione vibaya), lakini aliisifu kwa dini ya watu wake na misikiti yake ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Kwenye mlango wa kila msikiti, asema, palikuwa na kisima, na mtu haingii ila ameosha miguu. Kisha akaenda Kilwa, naye aliyekwisha iona Makka, Cairo na Damascus akaihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri kabisa.

Sultani wake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia kwamba maskini mmoja wa Yemen alimkuta sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, na zile akampa. Kijana wangu alinyamaza. Kisha akauliza kama nyumba ya sultani huyo ipo hata leo.

Ipo, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, lasimama magofu juu ya jabali linalotazama bahari, na vyumba vyake vyapita mia. Lina kidimbwi cha kuogea chenye pembe nane kilichochongwa kwa namna ambayo fundi wa leo angeomba apewe muda. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba, ungali na kuta za matumbawe na chokaa. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Sarafu ya shaba ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 nyingine ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia! Zilifikaje huko, wataalamu wangali wakibishana.

Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora, na msafara huo huo ukaja kuichoma Mombasa. Ni msiba mmoja, wa miji miwili ndugu. Lakini mtoto wetu husoma habari za Mombasa peke yake, tena kwa kurasa chache.

Mzee wa Lamu hakukosea kuitaja Muscat. Ngome za Jalali na Mirani zilijengwa na Wareno karne ya 16, nao walifukuzwa mjini mwaka 1650. Kutoka huko Waomani walikuja wakaitwaa Fort Jesus mwaka 1698 baada ya kuizingira zaidi ya miaka miwili. Aliyeiona Fort Jesus akiziona ngome hizo atatambua ukoo. Tena Kiswahili hakikosi mtu, kwa kuwa jamaa wengi walihamia huko kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowafungulia milango. Tatizo ni Agosti. Joto la Muscat mwezi huo huweza kupita digrii 40, na mtoto hazunguki ngome saa sita za mchana katika moto ule. Desemba ni jambo jingine. Nilimwambia, "Mzee, hiyo yako tuiweke kwa kaskazi." Akacheka, lakini hakukubali bado.

Istanbul siisemi vibaya, nani awezaye? Aya Sofya imesimama tangu mwaka 537, ikawa msikiti 1453, jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena 2020. Msikiti wa Suleymaniye, kazi ya Sinan, ulimalizika 1557. Lakini majengo hayo yana walinzi, mafundi na mamilioni ya watazamaji, na miaka kumi ijayo yatakuwapo. Ya kwetu hayana dhamana hiyo. Kilwa na Songo Mnara ziliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, na tangu 2004 hadi 2014 zilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Huko Unguja, Nyumba ya Maajabu aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 ilianguka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, ingali katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Wangapi walisema watakwenda kuiona mwakani?

Walitaja pia kisiwa cha Msumbiji, mji wa mawe uliokuwa makao makuu ya Wareno hadi 1898, na Moroni yenye msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1427. Ni miji ya kutamanika yote miwili. Ila kule kwa kwanza wenyeji husema Kimakhuwa na Kireno, na watoto wangetembea kama mabubu; Moroni lugha ni dada ya yetu, lakini bahari iliyo kati yataka ndege, na mfuko wetu hauna mbawa.

Basi tumepatana Unguja na Kilwa, na akina mama wamepata soko lao la Darajani. Tutashuka kwa reli hadi Mombasa, basi kupitia Lungalunga na Tanga mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya kasi, mwendo wa kama saa mbili. Mji Mkongwe waweza kuutembea kwa miguu siku tatu, na mnara wa Msikiti wa Malindi, uliochongoka kama pia, usipitwe. Siku moja twende kusini hadi Kizimkazi, ambako msikiti una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na watu wangali wakisali ndani yake. Nimeomba pia twende pale Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Baadhi ya wenzetu wamenung'unika. Nasema watoto waone na hilo, kwa maana wenye majumba mazuri tunayoyasifu walipata wapi fedha?

Kurudi Dar, basi la kusini hadi Kilwa Masoko, kama kilomita 300. Kibali cha kuingia magofuni huchukuliwa hapo Masoko kabla ya kuvuka, na kisiwani hakuna hoteli kubwa wala vibanda vya soda kila kona, hivyo maji na chakula mtu hubeba. Agosti ni kusi, bahari huchafuka mchana. Nahodha akisema mwondoke alfajiri, msibishane naye. Na kiongozi mkamate mwenyeji wa kisiwani, atakayewaeleza watoto kwa Kiswahili mahali khatibu aliposimama na mahali maji ya udhu yalipokuwa. Mwanangu amekwisha andika maswali yake katika daftari, na la kwanza ni lile la sarafu za Australia.