Maua ya manjano: kabla ya kukata, angalia yanaota wapi



Mwisho wa mvua, toka Kolwezi mpaka Mutoshi, maua ya manjano yanachanua kila kando ya barabara. Jina lake ni titonia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na yaliletwa Afrika juu ya kupamba bustani. Watu waliyapanda kuzunguka lupango, kisha yakatoka lupango yenyewe. Leo yako kwenye mashamba yaliyolala, hata karibu na udongo uliotupwa na mgodi.

Mama mmoja mwanamemba aliniuliza: «Agronomu, haya maua tuyang'oe ao tuyaache?» Nilimjibu: «Mama, kwanza unionyeshe pahali yanaota.»

Juu ya nini pahali? Titonia haitengenezi chakula cha udongo, inakichota tu. Mizizi inavuta kilicho chini, inakiweka ndani ya majani. Karibu na Maseno, magharibi ya Kenya, watafiti waliyapima: kilo 100 za majani makavu ziko na karibu kilo 3,5 za azoti, gramu 370 za fosfori na kilo 4 za potasi. Kwa udongo wetu mwekundu uliochoka, na bei ya mbolea ya duka, ile si kitu kidogo.

Namna ya kufanya:

1. Mukate majani na matawi laini mbele maua hayajatoa mbegu. Miti migumu muiache, haiozi upesi.
2. Kwa tuta la metre 10 za mraba, muweke karibu kilo 25 za majani mabichi. Muyakatekate, muyafukie na jembe.
3. Mungoje juma moja ao mawili, kisha mupande.

Kazi ya kukata na kubeba ni nzito. Kwa shamba zima la mahindi, mutachoka bure. Muanze na matuta ya mboga: lengalenga, nyanya, kabichi.

Sasa jambo kubwa. Mmea unaovuta potasi unaweza pia kuvuta shaba, kobalti na risasi. Mgodi wa Mutoshi, ule wazee waliuita Ruwe, ni wa zamani sana, na bonde la Musonoi lilipokea mabaki ya viwanda kwa miaka mingi. Mu 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi katika mkojo. Tusiongeze ingine kwa mikono yetu. Jani likiwa kijani kibichi, halisemi kama udongo ni safi. Na kwa macho hatuwezi kuiona kobalti.

Kwa hiyo musikate kando ya mabaki ya mgodi, kando ya maji yanayotoka kiwandani, wala kando ya barabara ya malori, ambako mavumbi yanalala juu ya majani. Mukate kwenye uzio wa lupango na mashamba ya zamani yaliyo mbali na vile vyote.

Tena muichunge isienee. Mbegu ni nyepesi, upepo na maji vinazibeba. Kipande cha mti kikianguka pahali penye unyevu kinaota. Afrika Kusini sheria inakataza kuipanda. Muache uzio mmoja, muukate mara kwa mara, na miti mikavu ifanye kuni.

Yule mama alinionyesha pahali pawili. Nyuma ya nyumba yake, mbali na mgodi, titonia ilikuwa fupi. Bondeni, chini ya mabaki, ilikuwa ndefu na nzuri, na alikuwa ameisha kukata mafungu manane. Tuliyaacha palepale. Haikuwa rahisi kwake, maana aliamka saa kumi na moja asubuhi juu ya ile kazi. Leo anakata ile fupi ya nyumbani, na lengalenga yake watoto wanakula.