"Tumeelewa, Mwalimu!" Je, Ni Kweli?

Mtoto arudipo kutoka shule pale Miyuji, viatu vimejaa vumbi la Dodoma, swali letu la kwanza huwa: "Umepata ngapi?" Ni nadra kumwuliza: "Umeelewa nini?" Hapo ndipo linapoanzia kosa letu wazazi.

Chukua mfano wa hesabu za sehemu. Mwalimu ameuliza ipi kubwa, theluthi au robo. Mtoto ameandika robo, kwa kuwa nne huzidi tatu. Daftari limerudi na alama nyekundu ya kosa. Mtoto anajua kwamba amekosa, lakini hajui amekosea wapi. Kesho atakosa tena. Lau mwalimu angaliandika pembeni, "Chora chapati mbili, moja igawe kwa watu watatu, nyingine kwa wanne, kisha linganisha," mtoto angaliona kwa macho yake kwamba wagawanaji wakizidi, fungu hupungua.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu inayotukuza mitihani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe.

Hata hivyo, majaribio ya kila wiki yasiyo na maelezo ni mitihani midogo tu. Kipimo chema humfundisha mwalimu pia: nusu ya darasa wakikosa swali moja, somo lirudiwe kwa njia nyingine. Katika darasa lenye watoto wengi si rahisi kusahihisha kila daftari kila siku. Lakini mwalimu aweza kuuliza swali moja kabla ya kengele, kila mtoto akaandika jibu kwenye karatasi, na wote wakaziinua kwa pamoja. Wanapoitikia kwa sauti moja, "Tumeelewa, Mwalimu!", asiyeelewa hujificha nyuma ya wenzake, karatasi yake haimfichi.

Nawe mzazi, leo jioni fungua daftari la mwanao, umwombe akufundishe alichojifunza. Akikwama, usimkaripie wala usimcheke. Andika pale alipokwama, akamwulize mwalimu kesho. Kuuliza si ujinga; na mtoto anayeogopa kuuliza nyumbani hatathubutu kuuliza darasani.