Kanuni ya sala Handeni na Korogwe

Kanuni ya maisha ni mpangilio wa sala, mfungo na huduma ambao Mkristo huufuata siku ya ari na siku ya uchovu. Katika wilaya za Handeni na Korogwe mpangilio huu una mizizi ya zamani, hasa kwa Waanglikana. Injili waliipokea kwa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambao siku yao iliongozwa na kengele za Misa, Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha shirika la masista walioishi kwa kanuni hiyo.

Uti wa mgongo wa kanuni hii ni Zaburi. Kitabu cha Sala kimezigawa zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni. Anayefuata mgawo huo hukutana na shangwe, toba, vilio, hata hasira, bila kujichagulia zinazompendeza. Hapo ndipo penye faida kubwa: moyo ukiwa mkavu, maneno ya kumwambia Mungu yapo tayari. Asiyejua kusoma huyashika kwa kuyasikia mwezi baada ya mwezi. Aliyekatiza haanzi kulipa deni la zaburi alizoruka; huendelea na za siku hiyo.

Padre mmoja huhudumia mitaa kadhaa, hivyo katika vijiji vya mbali Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista, pasipo Komunyo. Sala ya nyumbani, basi, ndiyo inayobeba juma zima.

Majira nayo yana neno. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo Kwaresima huwakuta wakulima wa mahindi wakitayarisha mashamba na kupanda kwa mvua za masika. Aliyeshika jembe tangu alfajiri hawezi kufunga kama mtu wa ofisini, wala hadaiwi hivyo. Mfungo mdogo unaofika Pasaka ni bora kuliko mkubwa unaokatika juma la pili: kuacha pombe, kwa mfano, au kupunguza mlo wa Ijumaa na kumpa jirani aliyepungukiwa. Wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo hawafungi chakula.

Sala isiyomfikia jirani hudhoofika. Weston alilisisitiza hilo mjini London mwaka 1923: anayemwabudu Kristo katika Sakramenti hana budi kumtafuta kwa maskini. Kwamkono, wilayani Handeni, masista wamewalea watoto wenye ulemavu. Lutindi, katika milima ya Korogwe, Waprotestanti wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye yaligeuka hospitali ya magonjwa ya akili, na inahudumia wagonjwa hadi leo, kazi za mikono na za shambani zikiwa sehemu ya tiba.