Juu ya Kusugua Gitaa kwa Mafuta

Katika lugha yetu neno mafuta lina maana pana: kuna mafuta ya nazi, ya ufuta, ya taa, na hata ya mnyama. Upana huo haudhuru jikoni, lakini penye kazi ya seremala waweza kumpoteza mwanafunzi, nasi ulitupoteza. Gitaa la kwanza tulilotengeneza pamoja na vijana wetu, la mbao za mninga, tulilisugua kwa mafuta ya nazi. Siku ile liling'aa kama bibi arusi aliyesingwa. Baada ya miezi miwili lilikuwa likinata mikononi, vumbi limelishika, na harufu yake imechacha. Twaandika haya ili walimu wenzetu wasirudie kosa letu.

Asili ya kosa ni neno kukauka. Nguo hukauka kwa kuwa maji huiacha yakaenda hewani. Mafuta ya mbegu za kitani hayakauki hivyo. Hayo huvuta oksijeni iliyo hewani, na chembe zake hushikamana hata yakawa utando mgumu. Afadhali kusema kwamba huganda. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo kabisa. Mafuta ya kitani mabichi hukawia siku nyingi; yale yauzwayo kwa jina la yaliyochemshwa hutiwa dawa ya kuyaharakisha, nayo yafaa zaidi.

Kwanza ubao husuguliwa kwa msasa, kufuata nyuzi za mti wala si kuzikata. Msasa wa karatasi umerithi jina la mti ambao majani yake makavu, yenye kukwaruza, wazee waliyatumia kulainishia mbao. Kisha ubao hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo; nyuzi zikiinuka, zisuguliwe tena zikiisha kukauka, na vumbi lote liondolewe. Mahali patakapogundishwa daraja la nyuzi pasiguswe na mafuta, maana gundi haitashika.

Ndipo mafuta hupakwa kidogo kwa kitambaa safi. Ngoja kama dakika 15, kisha pangusa yote yasiyoingia katika ubao, na umalize kwa kusugua kwa kiganja mpaka uone joto. Acha siku nzima au zaidi, urudie. Mara nne au tano zatosha. Fundi mwenye haraka hupaka mengi kwa mara moja. Juu huganda, chini yakabaki mabichi kwa kukosa hewa, na kazi yote hunata. Tena gitaa si kabati: ubao wake wa mbele una unene wa milimita 3 hivi, nao hutoa sauti kwa kutikisika. Ukilemewa na mafuta, sauti hufifia. Kwa hiyo mafundi wengi huupaka ubao huo mafuta haba sana.

Limebaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko yote. Mafuta haya yakivuta oksijeni hutoa joto. Katika ubao joto hilo hupotea hewani, lakini katika kitambaa kilichokunjwa na kutupwa pembeni halina pa kutokea. Huzidi saa kwa saa hata kitambaa kikawaka chenyewe, pasipo kiberiti wala mtu. Sisi wenyewe jioni moja tulivuta harufu ya moshi katika chumba kilichofungwa, tukakuta vitambaa vya wanafunzi vimeanza kuwa vyeusi katika kikapu cha takataka za mbao. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aendaye kwake kabla hatujahesabu vitambaa, kila kimoja kimetandazwa nje juu ya kamba, au kimezamishwa majini katika kopo la bati.

Basi, mwalimu afundishaye kazi hii aanze kwa neno. Mtoto akielewa kwamba mafuta haya huganda kwa kuvuta hewa, atajua mwenyewe kwa nini hupakwa haba, kwa nini hungojewa, na kwa nini kitambaa hakiachwi kimekunjwa.